Herufi Mbili za Katikati

Mimi ni mtu wa kulalamika, na sioni sababu ya kuficha. Nalalamikia karatasi zenye unyevu, wino mwepesi, na wateja wanaotaka rangi "iwake" bila kusema iwake vipi. Lakini anayenilalamisha kuliko wote ni mke wangu. Yeye ndiye anayechora mabango ya muziki ninayoyachapa mimi, na hajawahi hata siku moja kunichorea kitu chepesi.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye dirisha linalotazama barabara. Upande wa dirishani kuna meza yake. Upande wa ndani kuna meza yangu, fremu za mbao zilizowambwa kitambaa chembamba, ndoo za wino, na raba pana ninayotumia kuusukuma wino upenye kitambaani na kushuka kwenye karatasi. Kila rangi ina fremu yake na zamu yake, na zamu ya mwisho ni ya nyeusi. Juu ya vichwa vyetu zimepita kamba, na mabango mabichi yanabanwa hapo mpaka yakauke. Ukiingia kwa pupa unatoka umepakwa rangi usoni, na wengi wametoka hivyo, tukawaacha waende zao bila kuwaambia.

Mke wangu hamchori mwanamuziki kabla ya kumsikia. Picha za watu wanaotabasamu wameshika gitaa hazitaki kabisa. Anakwenda kwenye mazoezi, anakaa kona, anafumba macho, anaweka kipande cha mkaa juu ya karatasi na kuuacha mkono ufuate sauti. Anarudi nyumbani na mstari. Mstari huo ndio bango, anasema, mengine yote ni nguo tu.

Kuna mpiga besi mmoja, mtu mkubwa asiye na maneno mengi, ambaye aliletewa karatasi nyeupe tupu yenye nukta moja nyeusi, chini, pembeni. Akaja amevimba.

"Dada, bango liko wapi?"

"Kwenye wimbo mzima unapiga noti ngapi?"

"Zinazotosha."

"Basi na hiyo inatosha."

Alinuna mpaka watu walipoanza kubandua mabango yale ukutani na kwenda nayo majumbani kwao. Ndipo akaanza kutembea kifua mbele, utadhani nukta aliichora yeye.

Mpiga besi huyo alikuwa wa bendi ya shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Jina alilopewa shemeji na wazazi wake lilishasahaulika. Mji mzima ulimwita Mkwaruzo. Sauti yake ilikwaruza mwanzoni mwa kila neno, kama mlango mzito unaoburutwa sakafuni, halafu mlango ukishafunguka unapata upepo na mwanga. Watu walikuwa wanatoka makwao kuja kusikia mlango huo ukifunguka.

Kumchapa Mkwaruzo ilikuwa adhabu. Mke wangu alitaka kila neno kwenye bango lake lianze kwa mikwaruzo na limalizike laini, na njia ya kuipata ile mikwaruzo ni kuuacha wino uanze kukauka kwenye fremu, kisha kuusukuma kwa nguvu zako zote. Wino unaokauka unaziba kitambaa na kuua fremu. Mchapaji mwenye akili zake anauogopa kuliko nyoka. Mimi niliuacha ukauke kwa makusudi, miaka yote hiyo, huku nikitukana chinichini.

Shemeji alikuwa akija kuyaona mabango yake yakiwa kwenye kamba.

"Shemeji, mbona umenizeesha?"

"Umezeeka. Mimi nachapa tu."

"Na dada yangu mbona kakonda? Humlishi?"

"Namlisha. Anamalizwa na sauti yako."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Nilimpenda sana mtu yule. Nalisema hapa kwa sababu yeye sikumwambia.

Sifa ina ubaya mmoja: ugonjwa unaweza kujibanza ndani yake usionekane. Mwimbaji mwenye sauti nyororo akikwaruza siku moja, kila mtu anauliza kulikoni. Mkwaruzo alipozidi kukwaruza, walimpigia makofi. Walisema sauti imekomaa. Yeye mwenyewe alifurahi, akatunga nyimbo nzito zaidi, za kuchimba chini.

Mkono wa mke wangu ndio uliojua. Alirudi kutoka mazoezini, akaweka mstari mpya kando ya mistari ya zamani, na hakuvua hata viatu. Akaniita nikauone. Mistari ya zamani ilianza kwa fujo na kuishia laini. Huu mpya ulianza vizuri, ukaingia fujo katikati, na mwishoni ulikatika kabisa, mkaa umeinuka kwenye karatasi.

"Ulichoka mkono," nikamwambia.

"Sikuchoka. Sauti haikuwepo."

Alimsumbua kaka yake mpaka akaenda hospitali. Shemeji alicheka sana. Alimwambia daktari kwamba ameletwa na kipande cha mkaa. Wakampitishia mpira wenye kamera kooni, wakakata kinyama kidogo cha kupima, wakasema majibu yatakuja. Namba ya simu iliyoandikwa pale ilikuwa ya mama yao, kwa sababu simu ya Mkwaruzo ilikuwa haishiki chaji, na kwa sababu mama mkwe hakubali kitu kiandikwe mahali bila yeye kuwemo.

Majibu yalipotoka, Mkwaruzo alikuwa amesafiri na bendi. Waliokwenda ni mama mkwe na mke wangu. Daktari, kijana mwenye haraka, aliwaambia wazi: ni kansa, imekaa kwenye kisanduku cha sauti, ndani ya koo, bado haijatoka hapo. Wakikiondoa chote mapema, ataishi. Hataimba tena, hata kuongea itabidi ajifunze upya kwa njia nyingine, lakini ataishi. Aje mwenyewe, akasema, na asichelewe.

Walitoka hospitali wakaja moja kwa moja karakana. Mama mkwe alikaa kwenye kiti changu, mkoba mapajani, akatazama kamba zilizo juu kana kwamba anahesabu mabango. Mumewe alikufa akiwa anapasuliwa tumbo. Aliingia kwa miguu yake, akatolewa amefunikwa. Tangu siku ile mama huyu hakulitaka neno kupasuliwa litajwe mbele yake, na sasa lilikuwa limetajwa.

"Ataimba onyesho lake kwanza," akasema. "Mtoto ameliandaa mwaka mzima. Akishaimba, nitamwambia mimi."

"Mama, daktari amesema asichelewe."

"Daktari anajua koo. Mimi namjua mwanangu. Si alisema mwenyewe, pale mezani kwangu, wote mkisikia? Alisema siku akinyang'anywa sauti, tuchimbe kaburi moja kwa moja, tusipoteze muda. Alisema au hakusema?"

Alisema. Tulikuwepo. Alikuwa amekula ameshiba, amejilaza kwenye kiti, anachekesha watu, na tulicheka mpaka mpiga besi akapaliwa na maji.

Mke wangu akaanza kubisha. Mama yake akanyanyuka, akamshika kidevu kama mtoto mdogo.

"Apa. Kwa maziwa uliyonyonya kifuani pangu. Mdomo wako usimtamkie kaka yako neno hili mpaka niseme mimi. Ukitamka, radhi zangu huna, nikiwa hai wala nikiwa nimekufa."

Anayejua uzito wa radhi ya mama hatauliza kwa nini mke wangu aliapa. Aliapa akilia. Mimi nikafungua mdomo, nikasema labda tungekaa tukalifikiria vizuri. Mama mkwe akanigeukia kwa heshima zake zote.

"Wewe mkwe, mwanangu, haya ni mambo ya damu. Hayakuhusu."

Nikarudi kwenye fremu zangu. Sitaki kusema uongo, siku ile nilishukuru kwamba hayanihusu.

Shemeji aliporudi wakamwambia ni vidonda vya koo. Akapewa dawa ya kusukutua na asali. Akaendelea na mazoezi, huku akipungua shingo, mpaka kola za mashati zikabaki zimemzunguka tu bila kumgusa. Daktari akawa anampigia simu mama mkwe, na mama mkwe anapokea, anajibu vizuri, anakata.

Mke wangu hakuwa mtu wa kulala tena, wala wa kula. Alikuwa akikaa dirishani akitazama barabara, na bango la onyesho likachelewa. Mkwaruzo akamtania kwamba safari hii atachora nini, mlango umeota kutu? Akasema maneno ya bango anayataka machache: USIKU WA BURUDANI, jina lake, ukumbi na tarehe. Basi.

Halafu asubuhi moja mke wangu akachora kwa mkupuo mmoja, bila kunyanyuka. Akanikabidhi bila kunitazama.

Lilikuwa bango zuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Nasema hivyo nikiwa mtu wa kulalamika. Neno BURUDANI lilitanda karatasi nzima, herufi nene za rangi ya udongo zenye mikwaruzo, na katikati ya neno, pale penye U ya pili na D, herufi zilikuwa zimebanwa, U miguu imekutana, D tumbo limeingia ndani, zikasimama pamoja nyembamba na ndefu kama stendi ya maiki. Pembeni yake hakuna mtu. Stendi tupu, na neno lote limeizunguka.

Nikachapa bango la kwanza la kujaribia, udongo kwanza, nyeusi baadaye. Nikalibana ukutani, nikarudi nyuma hadi mlangoni, maana ndivyo ninavyokagua kama rangi zimekaa sawa. Ukiwa karibu unaona wino tu. Nikageuka.

USIKU WA BURIANI.

Kwa mbali ile U na D zilikuwa zimegeuka kijiti kimoja, I safi kabisa, isiyo na shaka. Kila mtu atakayepita barabarani angesoma kwamba Mkwaruzo anaagwa. Na buriani si kwaheri ya kwenda sokoni. Buriani anapewa asiyerudi.

"Mke wangu!" nikapiga kelele. "Umetuua! Umebana mno hapa katikati! Njoo usimame hapa uone!"

"Njoo wewe hapa karibu. Soma."

Nikasogea. Nikasoma. "Burudani."

"Basi ni burudani."

"Karibu ni burudani! Barabarani nani anasoma bango karibu? Bango linasomwa kwa mbali, wewe ndiye uliyenifundisha!"

Alikuwa anafuta mkaa vidoleni, kidole kimoja kimoja, polepole. Akili yangu huwa inachelewa, lakini ikifika, inafika na mizigo yote. Nikakaa chini.

"Umefanya makusudi."

"Niliapa mdomo," akasema. "Mkono hakuniapisha mtu."

Tulibishana mchana kutwa. Nikamwambia aende kwa mama yake, apige magoti, aombe kufunguliwa kiapo. Akasema ameshakwenda, ameshapiga magoti. Nikamwambia watu wataumia, mashabiki watataharuki, na kaka yake atayapata haya kutoka ukutani kama tangazo la kiwanja. Akasema, "Atayapata kutoka kwangu. Yeye anajua kunisoma. Chapa, mume wangu." Sauti yake ilikuwa imechoka sana. Nikauacha wino ukauke kidogo, kama ilivyo kawaida ya bango la Mkwaruzo, nikachapa.

Mji ulipokea kama nilivyotabiri. Wengine walicheka, wakasema wachapaji siku hizi wamelewa. Wengine walisimama upande wa pili wa barabara, wamejishika mdomo. Mpiga besi akaja, akalitazama bango kwa mbali na kwa karibu, akaondoka ameinamisha kichwa, na yeye ndiye mtu wa kwanza niliyeona ameelewa. Simu zikammiminikia mama mkwe: poleni, tumesikia. Akaja mbio karakana, na njiani akasimama kwenye ukuta wa kwanza wenye bango.

Mama mkwe alijifunza kusoma ukubwani. Anasoma ameweka kidole juu ya herufi, uso umekaribia karatasi, silabi baada ya silabi, na hapendi kusaidiwa. Nilimwona kutoka dirishani. Kidole kikapita kwenye herufi nene, kikafika kwenye kile kijiti, kikatulia, kikazitenganisha U na D, kikaendelea. Akaingia ndani akiwa amekasirikia ulimwengu mzima.

"Watu hawajui kusoma! Bu-ru-da-ni! Limeandikwa wazi kabisa. Wanamwua mwanangu kwa uvivu wa macho."

Mke wangu akamkaribisha kiti. Mama mkwe akasifu rangi, akaenda zake.

Siku zile Mkwaruzo alikuwa ameenda na bendi mji mwingine. Aliporudi alipitia kwanza kwa kinyozi wake, ambaye kibanda chake kinatazamana na karakana yetu, barabara tu katikati. Ukutani kwetu, nje, tulikuwa tumebandika bango lile. Kwa hiyo shemeji yangu aliketi kwenye kiti cha kinyozi, povu kidevuni, akainua macho.

Aliingia karakana na shuka la kinyozi bado shingoni, nusu ya ndevu imenyolewa, nusu ina povu. Siku nyingine yoyote ningecheka mpaka nikaanguka. Alipita katikati ya mabango mabichi, moja likampaka mstari wa udongo shavuni, hakujali. Akasimama mbele ya meza ya dada yake.

"Mdogo wangu." Sauti ilikuwa imebaki pumzi na changarawe. "Hebu niambie. Kinyozi anasema mmekosea."

Mke wangu akaweka mkaa chini.

"Nikamwambia huyu hajawahi kukosea herufi tangu azaliwe. Huyu kila herufi anajua kwa nini ameiweka ilipo." Akaegemea meza. "Umeniandikia nini pale katikati?"

Mke wangu akaweka viganja vyote viwili juu ya mdomo wake, akavibana, machozi yakapita juu ya vidole. Alitikisa kichwa. Kaka yake akaelewa kwamba mdomo ule umefungwa, na akaelewa na aliyeufunga. Akanigeukia mimi.

"Shemeji?"

Nilikuwa na raba mkononi. Nakumbuka wino ulikuwa unadondoka kwenye kiatu changu. Kiapo, mimi hakuniapisha mtu. Niliambiwa tu hayanihusu.

"Ni kansa," nikasema. "Iko kwenye kisanduku cha sauti. Daktari alisema kikiondolewa mapema utaishi, ila hutaimba. Alisema hivyo kabla hujapewa ile dawa ya kusukutua. Mama alitaka uimbe kwanza."

Alivuta kiti changu akakaa. Akajifuta povu kwa shuka la kinyozi, polepole, upande wenye ndevu na upande usio na ndevu.

"Kwa nini?"

"Ulisema ukinyang'anywa sauti tuchimbe kaburi."

"Nilisema wapi?"

"Pale kwa mama. Mezani."

Akafikiri. Niliona alivyokuwa akiitafuta siku hiyo, na niliona alivyoipata.

"Nilikuwa nimeshiba!" Alijaribu kupaza sauti, ikakatika. "Nilikuwa nachekesha watu, shemeji! Mtu anachekesha, mnakwenda kumchimbia kweli?"

Nikaiweka raba chini.

"Ningekuwa bubu," akasema. "Ningekaa nyuma nikapiga ngoma. Ningemtukana yule mpiga besi kwa vidole. Mlidhani mimi ni koo tu?"

Ndipo mke wangu akatoka nyuma ya meza, akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye magoti ya kaka yake, na yeye akamwekea mkono kichwani. Hakumsukuma. Alikuwa na hasira kali kuliko nilivyowahi kumwona, na bado hakumsukuma.

Kesho yake tulikwenda watatu hospitali. Daktari yule kijana alipomwona alisimama. "Nimepiga simu," akasema, "nimepiga sana." Akampima, akampeleka kwenye mashine, akarudi amepunguza haraka zake, na daktari asiye na haraka si dalili njema. Ilikuwa imeshatoka kooni. Imeshuka shingoni, na kifuani kulikuwa na madoa. Kukata kusingesaidia tena. Wangeweza kumpunguzia maumivu.

"Nilipokuja kukatwa kile kinyama," shemeji akauliza, "ningeishi?"

"Uwezekano ulikuwa mkubwa. Bila sauti, lakini ungeishi."

"Ningeishi," akarudia, kama mtu anayejaribu shati lililokuwa lake.

Alipofika karakana akakaa kwenye kona ambayo huwa tunaweka karatasi, akamwambia dada yake achukue mkaa. Akasema onyesho liko palepale, hata kama atasimama na kupumua tu kwenye maiki. Na bango anataka jipya.

"Lile ni zuri, lakini ni la kuficha. Mbali linasema hivi, karibu linasema vile. Mimi nimefichwa vya kutosha. Niandikie linalosomeka sawa popote mtu atakaposimama."

Akamwimbia. Ulikuwa mnong'ono tu, na kikohozi, na mnong'ono. Mke wangu alifumba macho na mkono ukatembea. Mstari uliotoka ulikuwa mfupi na wala haukuwa na fujo. Ulikuwa mwembamba, umenyooka, unafifia. Akaandika herufi kuuzunguka, zote upana mmoja, zimeachana vizuri, hakuna iliyobanwa. Na kwa mara ya kwanza kwenye bango la Mkwaruzo, aliniambia nisiache wino ukauke. Nikachapa kwa wino mbichi, laini, kama wanavyochapa watu wengine, na nikagundua nilikuwa naupenda ule mkavu.

Mama mkwe alikuja mabango mapya yakiwa bado kwenye kamba. Alikuwa anamtafuta mwanawe, maana simu zake zilikuwa hazipokelewi tangu siku ya kinyozi. Alipita chini ya mabango kwa uangalifu, ameinamisha kichwa, akamwona mwanawe ameketi konani, na uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Uko hapa! Na mimi natembea mji mzima! Umekunywa dawa yako?"

Mkwaruzo aliinua mkono, akaonyesha bango lililo mbele ya mama yake.

Mama akalitazama. Akaweka mkoba chini, akasogeza uso, akainua kidole. Nilitamani kumzuia. Nilitamani pia asome mpaka mwisho, na sijui kipi nilikitamani zaidi.

"Bu," akasoma. "Bu-ri. Bu-ri-a-ni." Kidole kikasimama. Akakirudisha mwanzo, akapita tena, akitafuta zile herufi mbili alizozikuta mara ya kwanza. Akanigeukia.

"Mkwe, mmekosea. Kuna herufi mmeziruka hapa katikati. Zirudisheni."

"Hatujakosea, mama," nikasema.

Alinitazama mimi, akamtazama binti yake, ambaye hakuwa ameufunika mdomo safari hii, na mwisho akamtazama mwanawe. Akaishika kamba kwa nguvu, na mabango yote yakatikisika. Wino mbichi ulimpaka mkono mpaka kwenye kiwiko. Shemeji akanyanyuka, akamshika bega asianguke, akamsogezea uso tena karibu na karatasi.

"Soma tena, mama," akanong'ona. "Ninakusikiliza."

Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akasoma.